Bomu la Tembo Harusini

Baba yangu anasikia kwa shida. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linapokea sauti ikiwa kubwa, ikitoka karibu, na yeye mwenyewe akiwa na nia ya kuipokea. Kumwambia jambo ni kazi ya jasho. Unainama, unaweka mdomo kichwani kwake, unapiga kelele kama unayemwita mtu ng'ambo ya mto, na baba anapotikisa kichwa kuonyesha ameelewa, nyumba nne za jirani zimeshaelewa kabla yake. Ndiyo maana nyumbani kwetu siri humzunguka tu, hazimfikii. Mimi nilikaa na siri moja siku kumi na mbili, nikijidanganya kwamba kinachonizuia kumwambia ni masikio yake.

Tunaishi Kibaoni, na kama watu wengi wa Mpimbwe tunakula kwa mpunga. Shamba la baba liko chini bondeni, upande ambao ukiendelea kutembea utaingia hifadhini. Mpunga ukianza kuinamisha vichwa, tembo nao hupata habari. Hapo kila mwenye shamba anapanda dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na analala huko mpaka siku ya kuvuna. Baba amelinda hivyo tangu mimi sijazaliwa. Masikio yalipoanza kumtupa tulimwambia apumzike. Alitutazama kama watu waliomwomba avue suruali sokoni, kisha akaenda kutafuta mbwa.

Ni mbwa jike, mwekundu, mwembamba, sikio moja lina pengo. Baba hakumpa jina. Humwita mwenzangu. Alimfunga kamba ya katani shingoni, na ncha ya pili akajifunga mwenyewe kwenye mkono wa kushoto, nao wakalala hivyo, mmoja juu ya dungu na mwingine chini ya ngazi. Kamba ile ndiyo iliyokuwa masikio yake. Akija nguruwe pori, mbwa anaruka mbele na kamba inakaza kwa kishindo. Akipita mtu, kamba inatikisika tu. Lakini tembo wakija, mbwa haruki wala habweki. Anarudi nyuma polepole, kamba inalegea, na kulegea kule ndiko kunakomwamsha baba.

Kisha kuna utaratibu. Baba kwanza anashuka na kumfungua mbwa, kwa sababu mbwa akimfuata tembo atakuletea tembo huyo mpaka mlangoni. Mbwa akishafunguliwa anakwenda nyuma ya dungu na kulala kifudifudi. Hapo ndipo baba anamulika tochi, anagonga debe, na wasipoondoka anawasha bomu baridi. Hizi ni fataki nzito wanazogawiwa walinzi wa mashamba kwa ajili ya tembo, hazina maua wala rangi, ni mlipuko tu unaokupiga kifuani. Kwa misimu minne yule mbwa alisikia mabomu mengi, ila hakuna hata moja lililompata akiwa kafungwa. Nilikuwa nayajua yote haya. Nimemwona baba akiyafanya kwa macho yangu.

Sasa mimi. Mimi ni fundi cherehani, na watu husema nimechagua kazi hiyo kwa sababu miguu yangu haiwezi kutulia, ikapewa pedali ya kuchezea. Sijui kungoja. Chai naimeza ya moto. Binti yangu wa kwanza alipochumbiwa na kijana wa Mpanda, mwalimu wa shule ya msingi, likizo yake ikaangukia baada ya Pasaka, nikasema harusi ni baada ya Pasaka. Baba akauliza, "Harusi na mpunga uko shambani?" Kwetu ndoa zinafungwa baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula na usingizi. Nikamwinamia sikioni nikapiga kelele kwamba mambo yamebadilika. Mume wangu, mtu mtaratibu ambaye anaweza kukaa saa nzima akichagua msumari, alinitazama akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikamwambia aendelee na misumari yake.

Wakwe zangu ni watu wa mjini, wanajiweza. Walipoleta posa walinionyesha kwenye simu video ya harusi ya binti yao: bibi na bwana harusi wanaingia, na pembeni yao zinapaa cheche nyeupe kama chemchemi. Mama mkwe wa binti yangu hakusema nami niwe nazo. Alisema tu, "Huku kwenu sijui kama zinapatikana." Mtu mwingine angesahau maneno hayo. Mimi nililala nayo mwezi mzima. Nikaagiza za kwangu Mpanda, nikawaambia watu wote kwamba nimeagiza, na Jumamosi ya harusi asubuhi gari likafika Kibaoni bila mzigo.

Nilizunguka stendi mara tatu kana kwamba mzigo ungeota. Kisha nikachukua baiskeli ya mume wangu. Baba alikuwa nyumbani ananyolewa ndevu, dungu lilikuwa tupu. Nilipanda ngazi, nikafungua kopo la maziwa ya unga analohifadhia mabomu yake, nikatoa moja. Nakumbuka vizuri jinsi mkono wangu ulivyorudi kuchukua la pili, nikauzuia, na kujizuia huko kukanifanya nijione mtu mwenye busara. Nilirudi nikipiga kanyagio huku nimelificha bomu ndani ya kanga kiunoni. Kama ningeanguka, leo pengine mngesoma habari nyingine.

Mchana, kabla wakwe hawajafika, nilimkuta baba amekaa mstari wa mbele chini ya turubai, kavaa koti la suti, na mbwa kalala miguuni pake. Kamba iko mkononi. Nikamwinamia. "Baba! Mbwa harusini!"

"Nikiwa sina yeye, watu wananitokea tu nyuma," alisema. "Nashtuka. Leo kuna watu wengi."

Niliona aibu kwa ajili ya wakwe. Kuhusu bomu, sikufikiri lolote. Nasema kweli, na nimejichunguza sana: lilikuwa kwenye mkoba wangu, hatua mbili kutoka kwa yule mbwa, na akilini mwangu vitu hivyo viwili havikukutana. Nilikuwa nawaza keki, nawaza pilau, nawaza shuka la meza kuu lenye doa.

Bomu nilimkabidhi mwendesha sherehe, kijana aliyekuja na wakwe kutoka Mpanda. Aliligeuza mkononi. "Mama, hii ni ya aina gani? Mbona ni nzito?"

"Ni fataki. Wewe weka nyuma ya turubai, washa maharusi wakiingia."

Waliingia saa kumi na robo, vigelegele vimeshika, binti yangu kapendeza mpaka nikasahau kupumua. Na bomu likalia.

Si sauti ya kuelezea. Turubai lilipanda na kushuka. Keki ya juu iliikalia ya chini. Kuku wa jirani waliruka ukuta, mbuzi wa kitoweo aliyebaki akakata kamba, na barabarani punda wa muuza maji aliondoka na mkokoteni wake na madumu yote, akaja kukamatwa karibu na kanisa, mguu mmoja wa mbele umechubuka. Farasi hatunao Mpimbwe, lakini aliyeona macho ya yule punda siku ile hatauliza fataki zinamfanya nini farasi. Na mbwa wa baba aliruka kwa nguvu zake zote akiwa kafungwa kwenye mkono wa mzee wa miaka sabini na tano.

Kiti kilianguka mbele. Baba alifuata. Aliburutwa kwa kifua urefu wa meza mbili hivi, koti la suti likizoa vumbi na wali, mpaka kitanzi kikamtoka mkononi na mbwa akapita katikati ya maharusi na kamba ikimfuata nyuma. Nilikimbia. Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na alikuwa anatazama huku na huku, hana hofu, yuko kazini.

"Wako wangapi?" aliniuliza.

Alidhani ni tembo. Mshindo umempiga kifuani, mbwa kakimbia, sasa nini kingine kama si tembo? Watu wakaanza kuuliza nani kawasha, mtu akasema ni MC wa mjini, mwingine akarudia, ni yule MC wa mjini, na mimi nilikuwa nimemshika baba mgongoni na mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Haukutoa kitu. Jioni ile MC alirudi Mpanda na wakwe, na lawama ikabaki kwake kwa sababu hakuwepo kuikataa.

Kituo cha afya walimfunga hogo jeupe la plasta kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu, alipoliona, alikumbuka methali yake, na nilimwona akiimeza. Safari hii aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe.

Baba hakulalamikia mkono. Kila aliyeingia kumpa pole alimuuliza jambo moja tu: mbwa kaonekana? Bila mbwa hawezi kulala shambani, hilo kila mtu alilijua, maana tembo anaweza kusimama chini ya dungu lake na yeye akaendelea kukoroma. Bila shamba sijui angekuwa nani. Mume wangu alikwenda kulinda badala yake, na usiku wa pili tembo walikula kona yote ya juu. Alisema aliwasikia vizuri sana, wakiwa tayari wanatafuna. Baba alipopata habari alivaa viatu, hogo likiwa shingoni kwa kitambaa, akashika njia ya bondeni. Nilimkuta amefika kwenye kalavati. Nikamwinamia kumpigia kelele pale barabarani, akanitazama kwa upole, akasema, "Nikilala hapa nyumbani nasikia nini? Hata huku sisikii. Afadhali nisisikie nikiwa shambani kwangu." Nilimrudisha kwa kumshika mkono mzima, na njia nzima nilikuwa na hasira. Hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

Kwa hiyo nilimtafuta mbwa. Nilifunga cherehani, na nguo za watu wa komunio zikabaki zimekatwa bila kushonwa. Nilizunguka Kibaoni yote, magulioni, mashineni, nyuma ya machinjio ambako mbwa wote huishia. Nilikwenda mpaka Usevya kwa bodaboda na kurudi kwa miguu nikichungulia kila kalavati. Nilisimama ukingoni mwa bonde, mahali ambapo ukivuka unakuwa umeingia hifadhi na unakuwa na kesi, nikaita. Nikagundua sina jina la kuita. Ukisema "mwenzangu" kwa sauti porini unajisikia kichaa. Nilipiga mluzi. Nilipiga sufuria na kijiko nikakumbuka kwamba kishindo ndicho kilichomfukuza, nikaitupa ile sufuria kwenye majani kwa aibu, kisha nikairudia maana ni sufuria nzuri.

Siku ya tatu, mfyatua tofali mmoja kwenye njia ya Usevya aliniambia kuna mnyama ndani ya tanuru lake. Matofali yalikuwa yamepangwa tayari, matundu ya kuwekea kuni yako wazi, na kesho yake alfajiri alikuwa anawasha moto. Niliinama nikaona macho mawili huko ndani kabisa. Kamba ilikuwa imenasa kati ya matofali. Niliita, nikaonyesha nyama, nikalala kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani. Alijibana zaidi. Mwisho nilimtuma bodaboda akamlete baba.

Baba hakuita. Alikaa chini mbele ya tundu, akavua shati kwa tabu, mkono mmoja, akalisukuma ndani. Kisha akatulia. Mimi nilizunguka tanuru mara kumi. Mfyatua tofali aliniomba nikae, nikashindwa. Ilipita kama saa moja na nusu, kisha pua ikatokea, kichwa kikafuata na sikio lake lenye pengo, na baba akaikata kamba kwa kisu taratibu huku mbwa ananusa hogo.

Nilidhani tumemaliza. Nyumbani, baba alipochukua kipande cha kamba mpya, mbwa alijikojolea pale pale aliposimama. Akaingia uvunguni mwa kitanda akitetemeka mpaka chaga za kitanda zikagonga. Alikuwa haogopi sauti peke yake. Alikuwa anaogopa kamba, na nadhani alikuwa na haki: kamba ndiyo iliyomshika wakati dunia inapasuka.

Baba akaanza kazi. Kila siku, asubuhi na jioni, alikaa kwenye mkeka na ile kamba. Kwanza aliiweka mbali, mbwa akiitazama. Kesho yake aliisogeza. Akaifunga kwenye bakuli la chakula. Akaivaa yeye shingoni siku nzima kama kola ya padri. Mimi nilipita pale mara mia nikienda kutafuta kitu ambacho sikukihitaji, na kila nilipopita nilisema moyoni, leo, nitamwambia leo. Halafu nasikia jirani anatwanga, au mteja yuko mlangoni, nasema hapana, si kwa kelele zile, watu watanielewaje. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini hakuna aliyesema uchi wenyewe utangazwe kwa kipaza sauti.

Kijijini maneno yaliwaka. Mwenye punda alidai, wenye kuku walidai, na mwenyekiti akaitisha mkutano Alhamisi, uwanjani mwa ofisi ya kijiji, kujadili kama fataki zipigwe marufuku. Nilikwenda na baba. Alipenda mikutano. Alikaa mbele, na watu walipocheka naye alicheka, akichelewa kidogo.

Mfugaji mmoja alisema mwaka mpya uliopita ng'ombe wake walivunja zizi kwa fataki za watu wanaosherehekea kalenda. Mama mmoja akasema kuku wake hawajataga tangu harusi ile, na akanitazama. Kijana mwenye kofia akasema, "Jamani nyie, leo tunakaa kikao kwa ajili ya mbwa? Watu wafurahi wapi sasa?" Wakacheka, na baba akacheka. Mkulima mwingine akasimama kwa ukali: mkizuia fataki, tembo tutawaimbia? Hapo ndipo mzee mmoja aliposema jambo ambalo sijaacha kuliwaza. Alisema tembo wenyewe siku hizi hawashtuki kama zamani. Wanasikia bomu, wanasogea hatua ishirini, wanangoja, wanarudi. Wameshazoea. Wanaokimbia ni hawa tunaowafuga.

Nikasimama. Nina ulimi, na siku ile niliutumia. Nilisema mtu akitaka kufurahi apige ngoma, apige vigelegele, Mungu ametupa makoo. Nilisema mnyama haulizwi, haambiwi kwamba ni sherehe, yeye anachojua ni kwamba anakufa. Nilisema bomu la shambani libaki shambani, mikononi mwa mlinzi, na anayetaka fataki za urembo atangaze siku mbili kabla ili watu wafungie mifugo ndani. Nikamnyooshea kidole baba na hogo lake. Nikasema mmeona wenyewe walichotufanyia hawa ma-MC wa mjini.

Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga, kiganja kizima juu ya hogo.

Kiongozi wa walinzi wa mashamba, mtu wa maneno machache, aliinua mkono. "Mimi niulize. Lile lilikuwa bomu baridi. Nimeokota ganda lake. Dukani Mpanda haliuzwi. Yule MC alilipata wapi?"

Watu wote wakanitazama, na baba alipoona wote wananitazama naye akageuka, akatabasamu, akijivunia binti yake anayeongea mbele za watu.

"Mimi nitajuaje?" nilisema. "Nilikuwa na wageni."

Mwenyekiti akaendelea. Wakapitisha karibu yote niliyoyasema: bomu la tembo lisipigwe kwenye makazi, sherehe ya fataki itangazwe, atakayekaidi atalipa faini. Karani aliandika. Walinipa pongezi njiani. Nilitembea haraka mpaka baba akaniambia nimngoje.

Tulipofika nyumbani ilikuwa saa nane, jua kali, mume wangu amelala baada ya zamu ya shambani. Baba aliketi mkekani. Mbwa alitoka uvunguni mwenyewe, akaja. Na nikaona jambo ambalo kwa siku tisa halijatokea: baba alichukua kamba, akaipitisha shingoni mwa mbwa taratibu, akafunga fundo, na mbwa akatulia. Alitetemeka ngozi ya mgongoni, basi. Baba akachukua ncha ya pili, akaifunga kwa meno kwenye mkono mzima. Akanitazama. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu mama alipokuwa hai.

"Keshokutwa naenda shambani," alisema.

Na mimi nikashindwa kuendelea kuficha. Siwezi kueleza kwa nini hapo, kwa nini si juzi. Furaha ile ilinichoma kuliko hogo. Nilipiga magoti, nikaweka mdomo sikioni mwake nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizonazo, "Baba! Lile bomu nililichukua mimi! Kwenye kopo lako! Si MC! Ni mimi!"

Kinu cha jirani kilinyamaza. Baba hakutikisa kichwa. Nikadhani hajasikia, nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Nikarudia tena, nikilia, na ile mara ya tatu sikuwa naongea na yeye tena, nilikuwa naongea na jirani, na mkutano mzima, na wakwe zangu kule Mpanda, nataka wote wasikie na iishe.

Kamba ilikaza. Mbwa alikuwa amerudi nyuma hadi kamba ilipoishia, mkia tumboni, macho yamenigandia mimi. Alijivuta mara moja, mara mbili, kichwa kikachomoka kwenye kitanzi, akakatiza uani akaingia chini ya ghala ya mpunga, kwenye pembe ya giza kabisa ambako hata paka hafiki.

Baba aliitazama kamba tupu.

"Nilikusikia ile ya kwanza," alisema, kwa sauti yake ya chini.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua. Baba aliinuka kwa kuegemea goti, akavuka uani, akaketi chini mbele ya ghala, amenipa mgongo. Mpunga ulikuwa umebakiza wiki mbili kuvunwa. Aliiweka kamba mbali, kama alivyoiweka siku ya kwanza, akaanza kuvua shati.